Nimeachiwa kobe na jirani hapa Leeds, sijawahi kufuga, naombeni msaada

MamaNeema_Leeds

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wenu na ni wa haraka kidogo. Jirani yetu hapa Leeds, bibi wa Kizungu tunayepakana naye ukuta, amehamia nyumba ya kulelea wazee na huko hawapokei wanyama. Alikuwa na kobe, walimnunua yeye na marehemu mumewe miaka ya 70, watoto wake wote wako mbali na hakuna aliyetaka kumchukua, basi akaniomba mimi maana mwanangu kila siku alikuwa anachungulia kwenye uzio kumwangalia yule kobe akitembea bustanini. Nilivyomwona yule mama anavyolia nikashindwa kukataa.

Sasa kobe yuko sebuleni kwangu kwenye kreti ya plastiki, na mi kobe nawajua wale wa kwetu Handeni tu, unakutana naye njiani mvua zikianza, unampisha anaenda zake, hakuna mtu anayemfuga.

Nimemkagua vizuri. Gamba lina urefu wa sentimita 16, kwenye mzani wa jikoni anasoma gramu 810. Rangi ni njano na nyeusi, mgongoni vigae vimeinuka vinundu vinundu, mkia mrefu kiasi na nchani una ukucha mgumu. Halafu ukingoni mwa gamba kwa nyuma kuna tundu la mviringo limetokeza kabisa upande wa pili, bibi anasema mumewe alilitoboa kwa drili enzi hizo ili wamfunge kamba asipotee. Macho maangavu, pua kavu, ukimgusa anarudisha kichwa ndani kwa nguvu.

Huko alikokuwa alikuwa anakula letasi, tango, nyanya, ndizi na mara mojamoja mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Baridi ikianza anatiwa kwenye boksi lenye magazeti anawekwa garaji mpaka Machi huko. Tuko Oktoba na tangu juzi hali kitu, anajibana kona tu. Je nimpeleke garaji kama alivyozoea au nimsogeze kwenye rediata apate joto? Anakula nini hasa? Mwanangu ana miaka mitatu na anapenda kumshika, hakuna ugonjwa hapo? Na dada mmoja kazini ameniambia kobe hapa Uingereza ana vibali vyake, mimi niko kwa viza ya kazi, sitaki kabisa kuingia kwenye kosa nisilolijua. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.

Kamau_Reading

Dada hongera kwa kumpokea, na umefanya jambo la maana sana kumpima kabla ya kuuliza. Mi nafuga kobe hapa Reading miaka mingi sasa so nitakuambia ninachokijua.

Kwanza huyo ni nani. Ukucha nchani mwa mkia ni alama ya kobe wa Hermann, wa nchi za kusini mwa Ulaya, Italia, Ugiriki, nchi za Balkan kule. Angalia pia kile kigae cha juu ya mkia, kikiwa kimegawanyika viwili basi karibu hakuna shaka. Yule mwingine anayefanana naye, wa Morocco na Uturuki, hana huo ukucha, yeye ana vinundu vya mfupa kwenye mapaja ya nyuma. Na mkia mrefu maana yake ni dume, mgeuze taratibu utaona tumbo lake limebonyea kwa ndani. Usimwache chali lakini.

Hao waliletwa Uingereza kwa wingi sana zamani, wakauzwa bei rahisi madukani, na wengi walikufa majira ya baridi ya kwanza kwa sababu watu hawakujua kuwatunza. Biashara ya kuwaleta kutoka porini ilikatazwa na Jumuiya ya Ulaya 1984. Kwa hiyo huyo wako ni mmoja wa waliobaki, na akitunzwa vizuri bado ana miaka mingi mbele yake. Fikiria na nani atamchukua ukirudi nyumbani, maana kumsafirisha mpaka nje ni karatasi nyingi sana.

Kuhusu vibali usiogope. Hermann yuko kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa sana, kumuuza au hata kumtangaza kwamba anauzwa lazima awe na cheti kinachoitwa Article 10, kinatolewa na idara ya serikali ya APHA. We umepewa bure, hiyo si biashara. Ila muombe bibi au watoto wake wakuandikie barua fupi kwamba wamekupa, na kama wana cheti au risiti yoyote ya zamani chukua, tia kwenye faili lako. Na usije ukamuuza hata kwa paundi 5.

Sasa kitu kikubwa, joto na mwanga. Kobe hana joto lake mwenyewe, mwili wake unakuwa na joto la mahali alipo, na akiwa baridi hata chakula tumboni hakisagiki. Huyo wako amegoma kula kwa sababu siku zimefupika na sebule yako usiku inapoa. Rediata haimsaidii, yeye anatafuta joto linalotoka juu likiwa pamoja na mwanga, jua ndio limemfundisha hivyo. Anahitaji balbu ya joto upande mmoja tu wa boksi lake, chini yake pafike nyuzi 32 hivi, upande wa pili pabaki kama 20 ili achague mwenyewe. Na taa ya pili ni ya UVB, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, tyubu ya T5 ya asilimia 10 au 12. Hiyo ndio inamtengenezea vitamini D, bila hiyo kalsiamu haingii kwenye mifupa hata umpe kilo nzima. Na usimweke dirishani ukidhani anapata jua, kioo kinazuia UVB yote. Washa taa saa 12 mpaka 14 kwa siku, usiku zima kila kitu, ikishuka nyuzi 15 hana shida. Hiyo tyubu badilisha kila mwaka hata kama bado inawaka, mwanga unabaki lakini UVB inakuwa imeisha.

Kreti yake badilisha pia. Mtafutie boksi la mbao lililo wazi juu, refu, lisilopungua mita 1 na nusu kwa huyo mkubwa, weka udongo wa bustani usio na mbolea uchanganye na mchanga, kina kimtoshe kujifukia. Asiishi kwenye tanki la kioo. Mwaka kesho joto likirudi bustanini ndio kwake, kule ndani ni kwa ajili ya baridi tu.

Na baridi hii kwa maoni yangu usimlaze. Humjui afya yake, mwache macho mpaka Aprili.

Dkt_Mifugo_Moro

Nimesoma na Kamau ameeleza vizuri, niongeze upande wa tiba kidogo kwa sababu mi ni daktari wa mifugo huku Morogoro na kobe nimewatibu kiasi.

Mama Neema, hatari kubwa kwa huyo kobe sasa hivi ni kukaa katikati. Kobe wa Hermann ana hali mbili salama. Ama yuko macho kwenye joto na mwanga, anakula, ananya, anatembea. Ama amelala usingizi wa baridi kwenye nyuzi kama 5 na mwili umepunguza kila kitu. Ukimwacha sebuleni kwenye nyuzi 14, 15 bila taa yuko macho ila hawezi kula, anatumia akiba yake siku baada ya siku, na ukija kushtuka amekwisha. Garaji ndivyo inavyoua wengi, leo nyuzi 12 anaamka, kesho ikiganda macho yake yanaharibika anakuwa kipofu. Huyo amepona miaka yote hiyo, nafurahi, lakini kuanzia Oktoba hadi Machi ni muda mrefu mno.

Siku hizi wengi wanatumia friji dogo la peke yake, nyuzi 3 hadi 7, 5 ndio nzuri, kipimajoto chenye waya ndani, chupa za maji zimejazwa humo ili joto lisiyumbe, mlango unafunguliwa kila siku kidogo hewa iingie. Kabla ya kumwingiza anafunga kula wiki 2 hadi 4 lakini anaogeshwa na kunywa maji, kwa sababu chakula kikibaki tumboni kitaozea humo. Analala wiki 8 hadi 12, anapimwa uzito kila wiki, na akikojoa akiwa amelala muamshe siku hiyo hiyo maana amepoteza maji. Sikuambii ufanye hivyo mwaka huu. Nakueleza ili ujue ni kazi ya mpango, sio ya kutupia boksi tu.

Uzito wako ni mzuri. Sentimita 16 na gramu 810 hapo hapo panapotakiwa kwa Hermann, hajakonda na hajajaa maji. Andika hiyo namba kwenye daftari na uendelee kumpima kila wiki, siku uzito ukianza kuteremka utajua mapema kabla ya dalili yoyote.

Tundu la kwenye gamba liache kama lilivyo, ila usimfunge kamba tena wala mtu asikushauri kutoboa lingine. Gamba ni mfupa ulio hai, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, lina damu na lina hisia. Angalia tu ukingo wa tundu, likiwa kavu na gumu basi limepona zamani, ukiona ute, harufu au sehemu inayobonyea mpeleke haraka. Vile vinundu vya mgongoni havitarudi chini, hiyo ni kumbukumbu ya alivyokua utotoni. Watu wengi wanalaumu protini, lakini utafiti wa Vienna wa 2003 kwa kobe wa Afrika aina ya sulcata ulionyesha ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi. Kwa hiyo udongo wake uwe na unyevu kidogo kwa chini, usiwe vumbi, na mara 2 au 3 kwa wiki muweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika chini ya kidevu, dakika 15 hadi 20. Atakunywa, na mara nyingi atakojoa humo humo, ukiona kitu cheupe kama dawa ya meno usishtuke ni mkojo wao wa kawaida, ila kikiwa kigumu kama mchanga ujue hanywi maji ya kutosha.

Mtoto. Kobe wengi wana bakteria wa salmonella tumboni bila wenyewe kuumwa, na watoto chini ya miaka 5 ndio wanaoathirika vibaya. Marekani walikataza kuuza kobe wadogo wa chini ya sentimita 10 tangu 1975 kwa sababu hiyo hiyo, watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Sio kwamba umtoe nyumbani. Mwanao amwangalie, amtupie majani, na akimgusa mikono inaoshwa kwa sabuni papo hapo, wala beseni lake lisioshewe kwenye sinki la jikoni.

Mtafutie daktari anayejua wanyama watambaazi, sio kila daktari wa mbwa na paka anawajua. Mwambie apime kinyesi kuona minyoo na aangalie mdomo. Ukiona povu au kamasi puani, anahema mdomo wazi, macho yamevimba, hapo hakuna kusubiri miadi ya wiki ijayo.

Salma_Unguja

Mashallah Mama Neema, Mungu akulipe kwa kumhifadhi huyo mzee na roho ya bibi itulie.

Mimi nimekulia Unguja na kobe tumewaona kisiwa cha Changuu tangu utotoni, wale wakubwa wa Aldabra, walioletwa 4 kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana hadi wakafika mia mbili hivi miaka ya 50, halafu wakaibiwa na kuuzwa nje mpaka 1996 walikuwa wamebaki 7 tu, ndipo wakaanza kulindwa na wakaletwa wadogo wengine. Kwa hiyo nikisoma habari ya kobe aliyeuzwa kwa bei rahisi Ulaya moyo unaniuma, najua walikotoka na wenzao waliokufa njiani.

Chakula ndio nataka kusema. Huyo wa kwako si mla matunda, ndizi na nyanya acha kabisa, sukari inachachusha tumbo lake na minyoo inastawi. Mkate na maziwa ndio usirudie tena, kobe hana uwezo wa kusaga maziwa. Tango na ile letasi nyeupe ni maji matupu. Yeye anataka majani ya magugu, tena machungu. Kule kwenu nyasi zote zimejaa yale maua ya njano ya dandelioni, huo ni ukoo mmoja na mchunga wetu, ukila mchunga wa nazi nyumbani basi kobe wako anakula ndugu yake. Mpe majani na maua. Mpe majani ya haibiskasi, mpe mpungate ukiupata umekwanguliwa miiba. Spinachi na kabichi isiwe ya kila siku. Chuma mahali pasipopita mbwa wala pasipopigwa dawa ya magugu, yaani kando ya barabara hapana. Baridi magugu yakikauka nunua zile letasi chungu za dukani, chikori, endivi, roketi, changanya.

Na ule mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, wanauuza maduka ya ndege, mtupie kipande kizima humo ndani awe anaguguna mwenyewe anavyotaka, kalsiamu hiyo na mdomo haurefuki. Juu ya majani nyunyiza unga wa kalsiamu usio na fosforasi mara chache kwa wiki.

Baraka_Kondoa

Wakuu samahanini kuingilia uzi wa dada. Mi niko Kondoa, juzi shambani nimeokota kobe mkubwa ana madoa ya njano na meusi, gamba limeinuka juu, watoto wamempenda tumemweka bandani na kuku. Hii ya friji na mimi nifanye mwezi wa 6 baridi ikikaza? Na taa hizo zinapatikana Dodoma?

Dkt_Mifugo_Moro

Baraka hapana, tena naomba usome hii vizuri ndugu yangu. Huyo wako si wa Ulaya, kwa maelezo yako ni kobe wetu wa kawaida wa madoa, na huyo HALALI usingizi wa baridi. Ukimtia kwenye friji unamuua. Kiangazi anaweza kujificha kichakani siku kadhaa bila kula na hiyo ni tabia yake.

La pili ni sheria. Wanyamapori Tanzania wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kukaa na kobe wa porini bila kibali ni kosa hata kama umemwokota shambani kwako na hata kama unamlisha vizuri. Kenya vilevile, wana sheria yao ya 2013. Watu wamefungwa kwa kobe, na maeneo ya huko kwenu ndio kabisa, kuna yule kobe bapa anayejipenyeza kwenye nyufa za mawe ambaye mara nyingi anataga yai moja tu kwa mkupuo, wamewindwa sana kwa ajili ya kuuzwa nje mpaka 2019 wakawekwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa kimataifa. Afisa akikuta gamba bandani kwako hatakuuliza kwanza ni wa aina gani.

Mrudishe leo. Pale pale ulipomwokota, usimpeleke msitu mwingine, kobe anajua eneo lake, maji yake na vichaka vyake. Na kama ana jeraha mpigie afisa wanyamapori wa wilaya umweleze ukweli kabla hajaja mwenyewe. Bandani na kuku mtoe sasa hivi, watamdonoa macho.

Baraka_Kondoa

Daktari asante sana, sikuwa najua kabisa. Tunamrudisha jioni hii na watoto waone.

MamaNeema_Leeds

Jamani nimesoma kila neno na nimeandika, Mungu awabariki. Kigae cha juu ya mkia kweli ni viwili, na tumbo limebonyea, kwa hiyo ni Hermann dume kama Kamau alivyosema. Nimepata daktari wa watambaazi, miadi ni Alhamisi. Taa zote mbili nimeshanunua za mtumba kwa mtu wa hapa hapa, na mume wangu anaunga boksi la mbao. Nimemwogesha jana, akanywa maji mengi kichwa kimezama mpaka machoni, halafu akakojoa kile cheupe laini, sio mchanga.

Ninachouliza bado, hiyo tyubu ya UVB ya mtumba nitajuaje kama bado nzima? Na bibi ameomba awe anamwona, nyumba ya wazee wamekubali wanyama watembelee, hiyo safari si itamsumbua?

Kamau_Reading

Tyubu ya mtumba itupe dada, tumia kava na soketi zake tu kisha nunua tyubu mpya, hiyo ndio sehemu ambayo macho hayawezi kukusaidia. Ile balbu ya joto haina neno. Umbali kutoka mgongoni mwa kobe soma karatasi inayokuja na hiyo mpya, kila kampuni ina vipimo vyake, na hakikisha chini ya taa kuna jiwe la kushika ili akipinduka aweze kujigeuza, chini ya balbu kobe akilala chali anakufa kwa joto.

Kwa bibi mpeleke. Boksi lenye matundu, taulo chini, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa pembeni yake na sio chini yake, gari liwe na joto kabla hujamwingiza. Nusu saa ya kukaa naye inatosha. Wahi mchana kabla ya baridi ya jioni, na wazee wote watakaomgusa waoshe mikono kama mtoto wako, maana na wao salmonella inawapata kirahisi.

Salma_Unguja

Na ukienda mchumie bibi dandelioni amlishe kwa mkono wake, atajua kobe anakula vizuri.